KUMBE ZAMANI UKITOKA NDIYO BASI! Historia ya Sabu Kwenye Kikapu na Watu wa Benchi Tusiowajua Majina

Kila timu ya kikapu ina mtu ambaye hakuna anayempiga picha. Yupo kwenye benchi, kavaa jezi, kafunga raba vizuri, kashika chupa za maji za wenzake. Mechi ikiisha mashabiki wanamkimbilia yule aliyefunga pointi nyingi, huyu anakusanya makoti. Ukiuliza kitaa jina lake nani, wengi watakwambia "yule mrefu wa benchi" halafu basi.

Pembeni ya uwanja kuna mwingine ambaye naye hajulikani. Huyu yuko mezani na peni na karatasi, anaandika nani kafunga, nani kafanya faulo, nani kaingia, nani katoka. Huyo ndiye hakumbukwi kabisa, labda akosee.

Stori ya leo ni ya hawa wawili. Ukiangalia historia ya sheria za sabu kwenye kikapu, utakuta ni historia ya watu kama wao. Mchezo huu ulianza ukiwa hauna habari na mtu wa benchi. Ikachukua zaidi ya miaka 50 mpaka akapewa haki ya kuingia na kutoka kama tunavyoona leo. Cha kusikitisha, kwenye viwanja vingi vya kwetu haki hiyo bado iko kwenye kitabu tu.

Ngara na Kigali, pua na mdomo

Kwa nini tuanzie Ngara na Biharamulo na siyo Dar? Kwa sababu ukiongelea kikapu cha Afrika siku hizi, mtoto wa Ngara yuko karibu na mambo kuliko mtoto wa Kariakoo. Ukivuka daraja la Rusumo, pale mto Kagera unapoanguka kwa kelele, mpaka Kigali ni kama kilomita 160. Kwenda Bukoba, makao makuu ya mkoa wake mwenyewe, ni mbali zaidi. Dar ndiyo usiseme, hiyo ni safari ya kuagwa na familia.

Na Kigali ndipo ligi ya BAL ilipozinduliwa. Tarehe 16 Mei 2021, kwenye ukumbi wa Kigali Arena, Patriots ya Rwanda ilicheza na Rivers Hoopers ya Nigeria, mechi ya kwanza kabisa ya ligi hiyo. Timu 12, zote mji mmoja, kwa sababu ya korona. Na wote mnakumbuka nani alikuwa amevaa jezi ya Patriots siku ile: J. Cole. Ndiyo, yule yule rapa.

Mitandao iliwaka. Wengine walisema kiki, wengine walisema kamzibia nafasi mchezaji wa kweli. Lakini tuangalie namba. Mechi ile Cole alicheza kama dakika 17, akapata pointi 3, rebaundi 3 na asisti 2. Mechi ya kikapu ni dakika 40. Maana yake zaidi ya nusu ya mechi mtu mwenye tuzo ya Grammy alikuwa amekaa kwenye kiti kama wewe unavyokaa, anasubiri zamu. Na zamu ilipofika utaratibu ulikuwa ule ule wa kila mtu. Meza haiulizi umeuza albamu ngapi. Alicheza mechi tatu, akapata pointi 5 jumla, akaondoka.

Pale Rusumo kuna kitu cha kuchekesha. Ukivuka daraja tu, magari yanahama upande: huku kwetu tunaendesha kushoto, kule wanaendesha kulia. Saa nazo zinarudi nyuma lisaa limoja. Lugha inabadilika, pesa inabadilika. Lakini dogo wa Ngara akivuka na mpira wake, sheria ya sabu haibadiliki hata nukta. Rwanda wanafuata kitabu cha FIBA, na Tanzania kupitia TBF tunafuata kitabu hicho hicho.

Sasa hicho kitabu kilifikaje hapo? Turudi nyuma kabisa.

1891: mwenye kosa anatoka, na hakuna wa kuingia

Desemba 1891, mji wa Springfield, Massachusetts, Marekani. Mwalimu wa michezo mzaliwa wa Kanada, James Naismith, anafundisha kwenye chuo cha YMCA. Nje ni baridi kali, wanafunzi wamechoka mazoezi ya ndani, wanasumbua. Anaambiwa atafute mchezo. Anapigilia vikapu vya kuvunia matunda juu ukutani, anaandika sheria 13, anawagawa vijana wake 18 timu mbili. Tisa kwa tisa.

Sasa sikia sheria yake ya tano ilivyokuwa. Ukimsukuma mwenzako, ukimshika, ukimpiga mtama, ni faulo. Faulo ya pili unatolewa nje mpaka goli linalofuata lifungwe. Na kama ilionekana ulikusudia kumuumiza mtu, unatoka mechi nzima, na timu yako hairuhusiwi kuingiza mwingine badala yako.

Kwa hiyo mara ya kwanza kabisa kikapu kuongelea sabu, kiliongelea kuikataza. Benchi kwenye mchezo huu lilianza kama rumande. Mtu hakukaa nje kwa sababu anasubiri zamu, alikaa nje kwa sababu kafanya kosa. Na Naismith alikuwa na akili: kama timu ingeruhusiwa kuziba pengo, adhabu ingekuwa haiumi. Alitaka wenzako wakuangalie kwa jicho baya.

Mwanzoni hata idadi ya wachezaji haikuwa imekaa sawa. Wakiwa wengi walicheza wengi. Kufikia 1897 ndipo ikawekwa tano kwa tano. Hapo sasa ndipo tatizo la sabu linazaliwa rasmi. Ukishasema watano tu, wa sita anaenda wapi?

Ukitoka, umetoka

Jibu la zamani lilikuwa kali. Mchezaji akitoka, kwa sababu yoyote ile, hakuna kurudi. Umeumia kidole, umetoka kufungwa bandeji, ndiyo basi. Kocha kakutoa upumzike dakika mbili, ndiyo basi. Nenda kaoge.

Fikiria maana yake kwa yule wa benchi. Kocha anaogopa kumtoa staa wake maana hatamrudisha tena. Kwa hiyo staa anacheza amechoka, anacheza anachechemea, na wa benchi anazeeka kwenye benchi. Sheria ilikuwa inamfunga staa uwanjani na inamfunga mwenzake kwenye kiti.

Msimu wa 1920–21 Wamarekani wakalegeza: mchezaji akitoka anaweza kurudi mara moja. Msimu wa 1933–34 wakaongeza, anaweza kurudi mara mbili. Unaona wanavyohesabu? Kama mzazi anayempa mtoto ruhusa ya kwenda disko, kwanza mpaka saa mbili, halafu mpaka saa nne.

Kati ya hapo FIBA ikazaliwa, Geneva, tarehe 18 Juni 1932. Na kikapu kikaingia Olimpiki ya Berlin 1936. Pale kulikuwa na jambo la ajabu: timu iliruhusiwa kutumia wachezaji 7 tu kwenye mechi moja. Watano uwanjani, wawili benchi, kwaheri. Marekani walikuja na watu 14, wakagawana makundi mawili ya saba saba, leo kundi hili kesho lile. Maana yake kuna watu walikwenda Olimpiki, na siku ya fainali wakawa watazamaji. Fainali ilichezwa nje, mvua inanyesha, uwanja umekuwa tope, mpira haudundi. Marekani 19, Kanada 8. Hizo ndizo pointi za mechi nzima, siyo robo ya kwanza!

Naismith mwenyewe alikuwepo Berlin, akaona mtoto wake amekua. Alifariki Novemba 1939. Hakuiona siku ambayo sheria ilifunguka.

Siku hiyo ilikuja msimu wa 1944–45. Wamarekani wakafuta kuhesabu. Toka, ingia, toka, ingia, mara unazotaka. Msimu huo huo wakaweka kwamba faulo ya tano ndiyo inakutoa moja kwa moja. Angalia hizo sheria mbili zilivyo pamoja: ukichoka unatoka na unarudi, ukikosa sana unatoka na hurudi. Kwa mara ya kwanza sheria ikatenganisha kupumzika na kuadhibiwa. Miaka zaidi ya 50 vitu hivyo viwili vilikuwa vimechanganywa.

Wenzetu wa soka na wavu je?

Kabla hujasema hiyo ni kawaida, angalia michezo mingine. Soka, mchezo wetu wa kufa na kupona, Kombe la Dunia liliruhusu sabu kwa mara ya kwanza 1970 kule Mexico. Kabla ya hapo mtu akivunjika mguu mnacheza kumi. Na mpaka leo kwenye soka la mashindano ukitoka umetoka. Watu wa Simba na Yanga wanajua uchungu wa kocha kumtoa mtu dakika ya 60, halafu dakika ya 75 anatamani angekuwa naye.

Wavu ndiyo unafanana na kikapu cha zamani. Sabu ni 6 kwa seti, na aliyeanza akitoka anaweza kurudi mara moja tu kwenye seti hiyo, tena kwenye nafasi ya yule yule aliyempokea. Ukitaka kujua kikapu cha miaka ya 1920 kilikuwaje, kaangalie wavu UMISSETA.

Kikapu kilichagua njia nyingine, na njia hiyo ikazaa mtu mpya.

Mtu wa sita

Boston Celtics ndio walioonyesha dunia kwamba benchi siyo sehemu ya walioshindwa. Walikuwa na mchezaji mkali kama John Havlicek, halafu wanamwacha aanze benchi makusudi. Wapinzani wakishachoka, ndipo anaingia akiwa mbichi. Hiyo haiwezekani kwenye sheria ya zamani, kwa sababu ukimtoa mmoja kumpisha Havlicek, yule aliyetoka umempoteza.

Msimu wa 1982–83 NBA wakaanza kutoa tuzo ya Mtu wa Sita wa Mwaka. Wa kwanza kuichukua alikuwa Bobby Jones wa Philadelphia. Lou Williams kaichukua mara tatu, Jamal Crawford mara tatu. Na kwa wapenzi wa muziki, Drake ana wimbo wa 2015 unaoitwa 6 Man, na humo anamtaja Lou Williams. Yaani mtu wa benchi mpaka kaimbwa.

Na sisi Wabongo tuna hadithi yetu hapa. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, urefu mita 2.21, mwaka 2009 alichaguliwa namba 2 kwenye NBA na Memphis. Namba 3 alikuwa James Harden. Namba 7 alikuwa Stephen Curry. Mpaka leo watu wanamcheka Hasheem kwenye mitandao kwa hilo. Lakini alicheza zaidi ya mechi 200 za NBA, nyingi akitokea benchi, Memphis akiwa nyuma ya Marc Gasol.

Watu wanasahau upande wa pili. Huyo huyo Harden wanayemtumia kumcheka Hasheem, naye alikuwa mtu wa benchi kule Oklahoma City. Mwaka 2012 alichukua tuzo ya Mtu wa Sita, na mwaka 2018 akawa mchezaji bora wa NBA. Benchi lile lile mmoja alipita akapanda, mwingine alipita akashuka. Benchi lenyewe halina kosa. Swali ni kama ukikaa pale kuna mlango wa kutokea au hakuna. Na mlango wenyewe ndiyo sheria ya sabu.

Sekunde tatu za Munich

Kuna mtu atasema, sabu ni sabu, kuna nini cha kuandikia? Mwambie akaulize wazee wa Munich.

Fainali ya Olimpiki, usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Septemba 1972, Marekani na Urusi ya Kisovieti. Zimebaki sekunde tatu, Doug Collins wa Marekani anafunga mitupo huru miwili, Marekani wanaongoza 50–49. Warusi wanasema tuliomba taimauti, meza haikutusikia. Mpira unaanza, unasimamishwa. Katibu Mkuu wa FIBA, William Jones, anashuka na kuamuru sekunde tatu zirudishwe. Mpira unarudiwa, saa haijawekwa sawa, honi inalia, Wamarekani wanarukaruka wanashangilia. Hapana, warudie tena! Mara ya tatu pasi ndefu inarushwa uwanja mzima, Aleksandr Belov anadaka, anafunga. 51–50. Marekani walikata rufaa, wakashindwa kwa kura 3–2, na medali zao za fedha hawajazichukua mpaka leo.

Wengi wanamkumbuka Belov aliyefunga. Lakini pasi ile ilirushwa na Ivan Edeshko, na Edeshko hakuwa uwanjani ule mpira wa kwanza uliporushwa. Aliingizwa kutoka benchi katikati ya zile purukushani, akachukua nafasi ya mwenzake. Mtu wa benchi, sekunde tatu, pasi moja, medali ya dhahabu.

Na chanzo cha vurugu yote kilikuwa mezani. Nani aliomba nini, saa ngapi, na nani aliandika. Ndiyo maana sheria za leo kuhusu sabu zimeandikwa kwa ubishi mdogo sana, hatua kwa hatua.

Leo inakwendaje

Kwanza, anayeomba sabu ni nani? Hapa ndipo wengi wanakosea. Siyo kocha. Kocha, au msaidizi wake wa kwanza, ndiye anayeomba taimauti. Sabu anaomba mchezaji anayeingia, yeye mwenyewe. Anainuka, anakwenda mezani, anapishanisha mikono kifuani kama msalaba, au anakaa kwenye kiti cha sabu. Anatakiwa awe tayari kucheza pale pale. Siyo unaomba sabu halafu bado unavua suruali ya tracksuit.

Kwa hiyo kocha anaweza kukutuma, ndiyo, lakini kisheria sauti ni yako. Kutoka kwenye ile sheria ya 1891 iliyosema hakuna wa kuingia, mpaka sheria inayosema aombe mwenyewe. Huo ni mwendo mrefu.

Pili, lini? Mpira ukiwa umekufa, saa imesimama, na refa amemaliza kuwasiliana na meza. Pia baada ya mtupo huru wa mwisho ukiingia. Mpira ukishakuwa mikononi mwa anayerusha, au wa mtupo huru wa kwanza, mlango umefungwa, subiri mwingine. Goli la kawaida halisimamishi saa, kwa hiyo huwezi kuingia. Isipokuwa dakika mbili za mwisho za robo ya nne na za muda wa nyongeza: hapo goli likifungwa saa inasimama, na timu iliyofungwa inaweza kuomba sabu.

Tatu, mezani wanapiga honi, refa anapishanisha mikono yake, halafu anakuita kwa kiganja. Kabla hajakuita unabaki nje ya mstari. Anayetoka yeye anakwenda moja kwa moja benchi, haripoti kwa mtu. Refa mzuri anahesabu vichwa kabla hajaruhusu mpira, watano na watano. Wakiwa sita, kocha anapigwa faulo ya kiufundi.

Nne, zile za lazima. Faulo ya tano, timu ina kama sekunde 30 kuingiza mwingine. Umeumia na huwezi kuendelea ndani ya kama sekunde 15, au mtu wa benchi kaingia kukuhudumia, unatoka. Damu ikionekana, unatoka mpaka idhibitiwe. Lakini unaruhusiwa kurudi. Yule wa mwaka 1915 aliyefungwa bandeji akaambiwa kwaheri angelia machozi.

Tano, ujanja wa kuingia na kutoka bila mchezo kuendelea umezuiwa. Ukitoka huwezi kurudi mpaka saa iwe imekimbia kwanza.

Na namba za jezi? Kwa miaka mingi FIBA walitumia 4 mpaka 15 tu, kwa sababu refa anaongea na meza kwa vidole, na 1, 2 na 3 zilikuwa zinachanganywa na ishara nyingine kama za pointi. Toka 2014 imefunguliwa, 0, 00 na 1 mpaka 99. Ukimwona mzee anashangaa jezi namba 1, muelewe.

Kalamu ndogo ya X

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mashabiki wengi hawajawahi kuliona. Kwenye karatasi rasmi ya FIBA, mbele ya jina na namba ya kila mchezaji, kuna kisanduku kidogo. Kabla ya mechi kocha anaonyesha watano wanaoanza, X zao zinazungushiwa duara. Wengine visanduku vyao vinabaki vitupu. Ukiingia sabu kwa mara ya kwanza, mtunza alama anaandika X ndogo, bila duara.

Hiyo X ndiyo ushahidi kwamba ulicheza. Pointi unaweza usipate. Faulo unaweza usifanye. Ukiingia sekunde 20 tu za mwisho ukasimama kwenye kona, X ipo. Usipoingia, kisanduku kitupu, na kwenye historia ya mechi ile wewe hukucheza.

Njoo sasa kwenye mechi nyingi za shule na za mtaani. Uwanja wa vumbi jekundu, goli moja limeinama. Meza ni dawati, honi hakuna, karatasi ni ya daftari imeandikwa pointi tu. Kocha anapiga kelele "we toka, we ingia", watu wanapishana katikati mpira unachezwa, refa anaona sita kwa watano, ugomvi unaanza. Mchezaji wa benchi hajui kwamba ana haki ya kwenda mezani, anasubiri jina lake liitwe. Lisipoitwa, mechi imeisha.

Mtu atasema ni mechi ya kirafiki tu, kuna shida gani? Shida ipo. Kutoka shule kwenda wilaya, wilaya kwenda mkoa, mkoa kwenda taifa, UMISSETA watu wanachaguliwa kwa kuonekana. Mtoto wa Ngara au Biharamulo hana ligi kama ya Dar ya kujitangaza kila wikendi. Ana mechi chache kwa mwaka. Kama kwenye hizo chache hakuna anayeandika nani aliingia, basi wanaokumbukwa ni wale wale watano ambao kila mtu anawajua. Wa sita mpaka wa 12 wanakuwa hewa. Mwakani wameacha.

Na timu nayo inaumia. Sheria inasema mpaka dakika 15 baada ya muda wa mechi kama huna watano tayari, umepoteza 20–0. Na katikati ya mechi mkibaki mchezaji mmoja uwanjani, mechi imekwisha, mmepoteza. Timu inayowadharau watu wa benchi mwaka mzima, siku ya faulo tano tano ndiyo inawatafuta kwa simu.

Kurekebisha siyo pesa. Hakuna anayeomba ukumbi kama wa Kigali. Meza moja, peni, filimbi ya pili au hata sufuria ya kugonga, na viti viwili pembeni ya meza vya wanaosubiri kuingia. Karatasi yenye majina 12 na kisanduku kimoja kimoja. Na mwanafunzi mmoja mwenye mwandiko mzuri aliyefundishwa siku moja kwamba kazi yake siyo kushangilia, ni kuona na kuandika. Mara nyingi mtu huyo ni dada ambaye hata hachezi, na ukimpa kazi hiyo anaiweza kuliko wote wanaopiga kelele.

Naismith alipoandika zile sheria 13 hakumwekea mtu wa benchi hata mstari mmoja. Wengine wakaja wakamwekea mara moja, mara mbili, mara zote. Majina ya waliopigania mabadiliko hayo wengi hatuyajui. Majina ya waliofaidika ndiyo kabisa, ni mamilioni, kila mmoja na dakika zake nne za robo ya tatu.

Kwa hiyo mechi ijayo, kabla hujafungua kamera kumrekodi anayepiga danki, geuka kidogo uangalie mezani. Ukiona kuna mtu kasimama pale na mikono yake imepishana kifuani, hajaitwa bado, anaangalia saa, huyo amesubiri haki hiyo toka 1891. Ulizia jina lake nani.